Damu tumboni isisubiri Mwanza

Mtu akitapika damu hapa Nyasho, Musoma, majirani husema vidonda vya tumbo. Mara nyingi siyo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliwapitia wagonjwa 240 waliovuja damu sehemu ya juu ya tumbo, ripoti ikachapishwa mwaka 2012: zaidi ya nusu chanzo kilikuwa mishipa ya koo la chakula iliyovimba, vidonda robo tu. Takriban mmoja kati ya tisa alifia wodini.

Kanda ya Ziwa tunajua kwa nini mishipa hiyo huvimba. Mvuvi anakanyaga maji ya Ziwa Victoria tangu utotoni, mayai ya kichocho yanarundikana kwenye ini, ini linaota makovu, damu inakosa njia. Miaka inapita bila maumivu, kisha siku moja beseni linajaa damu. Pombe kali na homa ya ini nazo zimo.

Dawa ya kichocho hugawiwa watoto shuleni, na hilo ni jema. Lakini baba yao aliye mwaloni nani anampa? Halmashauri imfuate huko huko. Na wauza dawa wetu wapunguze wepesi wa kumpa diklofenaki kila anayelalamika mgongo. Nayo huchimba tumbo.

Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Anayevuja damu nyingi anaweza asizimalize salama bila kuongezewa damu kwanza. Akiba ya damu salama na mtaalamu wa kuchungulia tumbo viwepo hapa Musoma, usiku na mchana. Na ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali leo.