Madodoso Yapunguzwe kwa Hesabu, Si kwa Kubahatisha

Hakuna mpango wa maendeleo uwezao kusimama bila ya takwimu za kweli, wala hakuna takwimu za kweli bila ya maswali mazuri. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Mbali na sensa, wananchi hao hao hufikiwa na tafiti za matumizi ya kaya, za afya, za ajira, za kilimo na za uvuvi. Kila utafiti una dodoso lake, na mengi ya maswali yaliyomo yanafanana.

Matokeo yake yanajulikana kwa kila sheha. Mwananchi anayeulizwa maswali 100 kwa kikao kimoja huanza kwa kufikiri na humaliza kwa kuitikia tu. Mama mwenye mwani wake pwani, na maji yameshakupwa, atajibu lolote ilimradi karani aondoke. Jibu hilo huandikwa, hujumlishwa na majibu mengine, kisha hufikishwa mbele ya wakubwa kuwa ndiyo hali halisi ya wananchi. Mipango ikijengwa juu yake, fedha za umma huenda pasipo na haja, na penye dhiki pakasahauliwa.

Kwa hivyo hapana ubishi kwamba madodoso hayana budi kupunguzwa. Suala ni kuwa yapunguzwe vipi. Desturi iliyozoeleka ni wataalamu wachache kukaa mezani na kufuta maswali wanayoyaona hayana maana. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini sivyo ilivyo. Tukitaka kuchagua maswali 20 kati ya 100, njia za kuyachagua ni nyingi hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 21. Kompyuta ingekagua njia milioni 1 kwa kila sekunde, ingehitaji takriban miaka milioni 17 kuzimaliza. Wataalamu wetu, pamoja na elimu yao, watakuwa wameonja njia chache tu.

Elimu ya kisasa imeleta utaratibu uitwao algoriti ya kijenetiki, ambao msingi wake uliwekwa na Profesa John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Wazo lake si geni kwa mkulima wa mpunga, ambaye kila msimu huweka kando mbegu za mashuke yaliyo bora. Kompyuta huanza na madodoso mafupi, tuseme 200, yaliyopangwa kwa kubahatisha. Kila dodoso huandikwa kama mstari wa tarakimu 100, ambapo 1 maana yake swali limo na 0 maana yake halimo. Kisha kila moja hupewa alama kwa kulinganishwa na majibu ya watu waliokwisha kujibu maswali yote. Je, maswali haya machache yanatoa picha ile ile? Je, yanapatana wenyewe kwa wenyewe? Je, ni machache kweli?

Madodoso yenye alama kubwa ndiyo yanayoruhusiwa kuzaa. Kipande cha mstari wa moja huungwa na kipande cha mwengine, likapatikana dodoso jipya lenye urithi wa wazee wawili. Mara chache tarakimu moja hugeuzwa, ili kizazi kisikwame mahali pamoja. Utaratibu huu hauahidi dodoso lililo bora kuliko yote, lakini baada ya vizazi vingi huleta lililo zuri kwa muda mfupi. Mwaka 2010 mtafiti Tal Yarkoni alionyesha kwa njia hii kwamba maswali 181 yanaweza kurudisha kwa usahihi vipimo 203 vya tabia za watu, vilivyokuwa vimetawanyika katika madodoso manane makubwa.

Hata hivyo, tusiifanye kompyuta kuwa mufti. Kupatana kwa maswali si ukweli wake. Kipimo cha alfa alichokieleza Lee Cronbach mwaka 1951 huonyesha tu ni kiasi gani majibu yanakwenda pamoja. Ukimuuliza mtu jambo moja mara tano kwa maneno mbali mbali, majibu yatapatana sana, na wewe hutakuwa umejua zaidi ya jambo lile moja.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba swali lisilokwenda na wenzake hutupwa nje. Mkulima wa mwani mapato yake hufuata bamvu, hayangoji mwisho wa mwezi kama mshahara. Swali linalomhusu yeye linaweza kuonekana geni, kwa kuwa halipatani na majibu ya walio wengi. Mashine italifuta bila ya uadui wowote, na pamoja nalo kinamama kwa maelfu watafutika katika mipango ya Serikali.

Kwa sababu hiyo, wahusika wakiamua kuitumia elimu hii, wazingatie mambo manne. Kwanza, dodoso refu lijibiwe kwanza katika shehia za Unguja na Pemba, za mjini na za mashamba. Majibu ya mjini peke yake yatazaa dodoso la mjini. Pili, maswali yanayohusu wanyonge na kazi zao yateuliwe na binadamu, na mashine ikatazwe kuyagusa. Tatu, dodoso fupi lijaribiwe kwa watu wengine, si wale ambao majibu yao yalitumika kulichagua. Nne, likishakubaliwa lisibadilishwe ovyo kila mwaka, maana takwimu za maswali yasiyofanana hazilinganishiki.

Hesabu itafanywa na kompyuta, lakini kuamua ni maisha ya nani yaulizwe ni kazi ya viongozi, na wao ndio watakaodaiwa na wananchi. Tunawaomba wakuu wa idara zinazohusika wasiwaachie mafundi peke yao jambo hili. Wakae nao, wakiwa pamoja na masheha, kabla ya dodoso jengine halijapigwa chapa.