Usimchape dogo aliyekata ndala, huenda ni Samatta wa usukani

MPIRA wa makaratasi una heshima kubwa nchi hii. Staa akiulizwa alianzaje soka, lazima autaje. Mifuko ya plastiki, matambara, soksi iliyochakaa na kamba, basi, chandimu inaanza. Mzazi akipita anatabasamu. Anaona kipaji.

Sasa dogo huyohuyo akate ndala ya baba apate matairi manne, kisha anyofoe waya wa kuanikia nguo atengeneze chesisi. Kinachofuata ni fimbo. Hapo haonekani kipaji, anaonekana mharibifu.

Ukweli usemwe, hapa tunajifunga wenyewe. Kigari cha waya ndiyo chandimu ya mbio za magari, na sisi tunaizima kabla filimbi haijapulizwa.

Mashabiki wa soka tunajua mchezaji hashuki kutoka mawinguni. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk, hadi Januari 2020 akatua Aston Villa. Ngazi kwa ngazi. Mbio za langalanga nazo zina ngazi zake, na ya chini kabisa inaitwa gokati. Ni yale magari madogo yasiyo na bodi wala paa, dereva kakaa makalio yanakaribia kugusa lami.

Gokati yenyewe haikuzaliwa kwenye kiwanda cha matajiri. Mwaka 1956 huko California, Marekani, fundi wa magari ya mbio aitwaye Art Ingels aliunganisha mabomba ya chuma, akafunga injini ya mashine ya kukatia majani, akakaa juu yake na kuondoka. Kitu cha gereji kabisa.

Ayrton Senna wa Brazil alipewa gokati ya kwanza akiwa na miaka minne. Baba yake ndiye aliyeitengeneza, tena kwa injini ya mashine ya majani. Akaja kuwa bingwa wa dunia mara tatu. Michael Schumacher, mtoto wa fundi ujenzi wa Ujerumani, naye alianza na miaka minne kwenye kigari cha pedali ambacho baba yake alikifunga injini ndogo ya pikipiki. Akabeba ubingwa mara saba.

Lewis Hamilton ndiye anayenigusa zaidi. Kabla hajakaa kwenye gokati, alikuwa anashindana na vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa rimoti, anapambana na watu wazima na kuwafunga. Mwaka 1993, akiwa na miaka minane, akaingia kwenye gokati. Leo ana mataji saba sawa na Schumacher. Safari ile ilianza na kigari kinachoenea mkononi.

Ndiyo maana nasema tuanze hapohapo. Gokati halisi ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini modeli yake haihitaji mdhamini.

Sikia hesabu yake. Gokati ya mashindano huwa na kama sentimita 104 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Gawanya kwa nane, unapata 13. Basi kiti, usukani na matairi, kila kitu kigawanywe kwa nane. Dogo anafanya hisabati ya darasani bila kusimamiwa na mwalimu.

Vifaa vipo uvunguni. Waya mgumu ndiyo chesisi. Spoku ya baiskeli ndiyo ekseli. Mrija wa kalamu iliyokwisha wino unakatwa vipande, ekseli inapita humo ili izunguke bila kukwama. Ndala iliyokatika mkanda inatoa matairi. Mota ya redio mbovu na betri mbili vitakuja baadaye. Anayeanza asihangaike na mota, kwanza kigari kitembee kwa kusukumwa.

Raha yenyewe inaanzia kwenye kona. Anayeanza hukaza magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye ekseli moja. Kigari kinakwenda vizuri kikinyooka, lakini kwenye kona kinagoma kama beki mzito aliyeachwa na winga. Kwa nini? Kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje linatembea umbali mrefu kuliko la ndani, kama mkimbiaji wa njia ya nje pale uwanja wa riadha. Ukiyafunga pamoja, moja lazima liburuzwe.

Gari la kawaida linamaliza tatizo hilo kwa difu. Gokati haina difu, wala haina springi. Ujanja wake uko kwenye chesisi inayopinda kidogo na magurudumu ya mbele yaliyoinamishwa makusudi. Dereva akikata kona, gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka, kigari kinageuka. Kwenye modeli, njia rahisi ni kukaza gurudumu moja tu la nyuma na kuliacha la pili lizunguke lenyewe. Dogo akigundua hilo kwa kuhangaika nalo siku tatu sakafuni, hatalisahau maisha yake yote.

Najua mtaniambia: viwanja vyetu vya soka vyenyewe vina mashimo, wewe unatuletea gokati! Sijaomba uwanja. Naomba sakafu ya darasa, chaki ya kuchora njia na ubao ulioegemezwa kwenye dawati uwe mteremko. Kigari kinachofika mbali bila kutoka nje ya mstari kinashinda. Raundi ya pili, kuna kona. UMITASHUMTA inakusanya watoto wa shule za msingi kila mwaka kwa soka, netiboli na riadha. Kuwapa nusu siku mafundi wadogo, wavulana kwa wasichana, kutavunja ratiba ya nani?

Na hapa ndipo shabiki mwenzangu unipe sikio. Soka tunalipenda, lakini ni mchezo katili. Kwa kila Samatta mmoja, wako maelfu walioishia njiani. Wengi wamebaki na hadithi za mabao ya ndondo na goti bovu.

Kigari ni tofauti. Mashindano ya dunia ya langalanga yalianza mwaka 1950, na Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa ni mmoja tu, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, mwaka 1979. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba mwanao atakuwa wa pili. Uwezekano mkubwa hatakuwa. Lakini asipofika huko, mikono yake inabaki. Anajua kupima, kukata, kuunga na kutafuta kosa liko wapi. Huyo atakaa gereji, atakaa VETA, atatengeneza bodaboda na mashine za kusaga. Aliyeshindwa kwenye mchezo huu anaondoka na ufundi.

Basi wikiendi hii, kabla hujaenda kibanda umiza kugombana kuhusu Simba na Yanga, tafuta ndala iliyokatika, kipande cha waya na kalamu iliyokwisha. Mpe dogo au binti yako. Sheria iwe moja tu: atengeneze mwenyewe. Wewe kaa benchi, na ukiona anakosea, usimwambie haraka. Kona itamwambia.