Picha Ukutani, Mirathi Mikononi mwa Nani?

Ndugu Waislamu wa Masasi na Newala! Korosho zikishauzwa, koridoni hutundikwa fremu mpya za wazazi waliofariki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa malaika hawaingii nyumba yenye picha. Anayejitetea kuwa "ni kumbukumbu tu" tunamuuliza: Je, deni la marehemu limelipwa? Binti zake wamepewa fungu lao lililotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11, au mikorosho imechukuliwa na wapwa kwa desturi ya ukoo wa mama? Maiti hanufaiki na fremu. Humfaa sadaka yenye kuendelea, elimu aliyoiacha na dua ya mtoto mwema. Teremsheni picha, lipeni deni, gaweni mirathi! Wabillahi Tawfiiq.