Tumefungwa, na Tunajivunia

Vijana wanaoshabikia basketi hapa Rusizi wanaulizwa kila mara: "Timu yako ilipigwa, na bado uko unajisifu?" Anayeuliza anacheka. Mimi sicheki, maana ndani ya swali hilo kuna fundisho baya: eti mtu aliyefungwa hana cha kujivunia. Ndugu zangu wa kambini, na ninyi wafanyakazi wa mashirika, nataka tulipinge fundisho hilo wazi wazi.

Timu yangu ni Duke, ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Ni mbali na sisi kabisa. Tuliifuata kwa sababu ya kijana mmoja, Khaman Maluach, mwenye urefu wa mita 2.18. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini. Familia yake ikakimbilia Uganda, naye akakulia Kawempe, Kampala. Alianza basketi mwaka 2019, akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka 2023 alikuwa na AS Douanes ya Senegal, ile iliyocheza fainali ya BAL hapa hapa nchini, Kigali. Al Ahly ya Misri ikawafunga 80-65. Mwaka 2024 alikuwa na timu ya taifa ya Sudan Kusini, ikafungwa na Marekani mjini London kwa pointi moja tu, 101-100. Mnaona? Kijana huyu amejua kufungwa tangu zamani, na kila mara amerudi uwanjani.

Tarehe 5 Aprili 2025, mjini San Antonio, Duke ilicheza nusu fainali na Houston. Kwetu ilikuwa karibu saa tisa usiku. Kipindi cha pili Duke iliongoza kwa pointi 14. Ikafungwa 70-67. Maluach hakudaka ribaundi hata moja. Watani wakapata la kusema: mnara gani huo usiodaka mpira?

Sitetei mchezo ule. Usiku ule alicheza vibaya, basi. Lakini siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za watu wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Ugomvi ulikuwa juu ya mtu mmoja aliyerudishwa Juba, na Juba ikasema huyo si wetu, ni Mkongomani. Kwa hiyo Maluach, kijana wa miaka 18, aliingia uwanjani siku ambayo nchi aliyoichezea ilisema watu wa pasipoti kama yake hawatakiwi. Je, Duke ingeshinda kwa pointi 30, tangazo lile lingefutwa? Hapana. Sisi tunaoishi kwa karatasi tunajua hilo bila kufundishwa.

Ndiyo maana nasema: heshima ya mkimbizi ikitegemea ushindi wake, basi hana heshima kabisa. Ushindi hupita, na karatasi haisomi ubao wa pointi.

Sasa tutazame tunayofanya wenyewe. Mashirika yanapenda hadithi za mafanikio: kijana mmoja aliyepata nafasi ya kusoma, timu moja iliyobeba kombe, picha moja yenye tabasamu. Wazazi nao wanauliza, "Mulishinda?" Wakisikia hapana, mazungumzo yameisha. Na mashindano ya kambini mara nyingi yanapangwa hivi: ukifungwa, umetoka. Chukua timu nane. Nne zinacheza mchezo mmoja tu, halafu zinakaa pembeni kutazama. Mbili zinazofika fainali zinacheza mitatu. Yaani timu dhaifu, yenye vijana wanaohitaji mchezo kuliko wote, ndiyo inayocheza kidogo kuliko zote! Halafu jezi mpya zinakwenda kwa nani? Kwa bingwa.

Tunapenda kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vizuri. Huyo aliyekubali, tumempa nini?

Mtu ataniambia, "Ukiwasifu walioshindwa, vijana watalegea." Huyo hajawahi kukaa na vijana baada ya kufungwa. Hakuna anayefurahia kufungwa, na mimi siombi tuwadanganye kwamba wameshinda. Ligi ina msimamo wake na bingwa wake. Ila ndani ya ligi, aliyefungwa Jumamosi hii ana mchezo Jumamosi ijayo, na wiki nzima ana sababu ya kufanya mazoezi. Kinacholegeza kijana ni kuambiwa safari yako imeisha, kaa chini, piga makofi.

Hata kule Marekani, timu 68 zinaingia katika mashindano yale ya vyuo, na 67 zinarudi nyumbani zimefungwa. Houston iliyotutoa sisi ilifungwa na Florida siku mbili baadaye, 65-63. Tukisema wenye haki ya kujivunia ni bingwa peke yake, tumewafukuza karibu wote.

Basi ombi langu ni hili. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, msituletee kombe moja na siku moja. Tuleteeni mipira ya kutosha, mtupangie ligi ya miezi mitatu, na katika ripoti zenu mwandike pia ni wangapi walifungwa na wakarudi mazoezini. Wazazi, mtoto akirudi amefungwa, muulizeni, "Mutacheza tena lini?" Na hilo swali liwe na jibu.