Tairi la theluji, lami ya Bongo

Wiki hii nina ugomvi na tairi za mtumba. Kule Hokkaido, Japan, baridi ikikaribia watu wanapiga jeki, wanatoa tairi za kiangazi na kufunga za theluji. Wengi wanazo seti mbili na rimu zake, kwa hiyo kazi ni kufungua nati tu.

Siri ni mpira. Tairi la theluji ni laini ili joto likishuka chini ya nyuzi 7 lisikakamae. Sasa lilete Dar, jua la Januari, lami inachemka! Linalika kama sabuni, na ukikanyaga breki gari linachelewa kusimama. Halafu muuzaji anakwambia, "Kaka, kashata bado nene hizo!"

Usibabaike. Soma ubavuni: ukikuta STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, hilo ni la baridi. Cheki na tarakimu 4 za mwisho za DOT: 3519 ni wiki ya 35, mwaka 2019.

Bei ya chee isikuzuzue. Chalinze ni mbali, na roho haina spea. Tukutane wiki ijayo!