Tairi likiisha, tusisubiri lipasuke

Mvua za Septemba zikianza, njia ya Bukavu–Uvira, hasa kwenye miteremko ya Ngomo, ni hatari kwa gari lenye matairi yaliyoisha. Lakini madereva wengi bado wanasema: «Pine ingali inashika upepo, twende tu.»

Kushika upepo si kipimo. Mifereji ya tairi ndiyo inayoondoa maji. Ikiisha, maji hubaki kati ya mpira na barabara, na gari huteleza hata ukikanyaga breki. Katika mashindano ya magari, matairi yasiyo na mifereji hutumiwa njia ikiwa kavu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, hubadilishwa.

Alama ziko wazi. Ndani ya mifereji ya tairi la gari kuna vinundu vidogo vya mpira: uso wa tairi ukilingana navyo, imebaki milimita 1,6 tu, libadilishwe. Nyuzi zikionekana, au ubavu ukivimba, usisafiri. Ukinunua tairi lililotumika Ulaya, tafuta tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Mpira wa zamani hukauka hata kama unaonekana mzuri.

Tusimlaumu dereva peke yake. Mwenye gari anayedai «versement» kila jioni ndiye anayepaswa kununua matairi. Polisi wa barabarani nao wasiishie kwenye karatasi, wainame waangalie magurudumu. Na sisi abiria tuangalie kabla ya kupanda: gari likikosa watu, mwenyewe atasikia.