Kofia Nyingi, Marehemu Mmoja

Wako watu, na wengine wao ni marafiki zangu, wanaoamini kwamba filamu ya upelelezi ikishakuwa na kofia, moshi wa sigara, magari marefu ya zamani na vivuli vya mapazia ukutani, basi imetimiza wajibu wake. Mimi nasema hapana. Filamu iitwayo The Black Dahlia, aliyoiongoza Brian De Palma mwaka 2006, ina vitu hivyo vyote kwa wingi, na bado ni filamu ya kusikitisha. Hainisikitishi kwa yale inayoyasimulia. Inanisikitisha kwa yale inayoyapita.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 15 Januari 1947, katika jiji la Los Angeles, mwili wa binti wa miaka 22 aitwaye Elizabeth Short ulikutwa umetupwa kwenye kiwanja kitupu, umekatwa vipande viwili. Aliyemuua hajulikani hadi leo. Mwaka 1987 James Ellroy alitoa riwaya iliyojengwa juu ya mauaji hayo, naye hakuwa mtu wa kulichezea jambo hilo, kwani mama yake mzazi aliuawa mwaka 1958 yeye akiwa na miaka kumi tu, na muuaji hakupatikana. Riwaya ile ina hasira ya mtoto aliyefiwa. Filamu iliyotokana nayo ina mavazi.

Wanaoitetea hunitajia upigaji picha wake, nami sibishi. Vilmos Zsigmond alipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi ile, na tuzo hizo hazikuipendekeza filamu kwa jambo jingine lolote. Lakini hebu tuitazame ile picha wanayoisifu kuliko zote. Kamera inapanda juu ya paa la jengo. Kwa mbali, upande wa nyuma, mwanamke anaona kitu kwenye majani, anapiga kelele, anakimbia kuomba msaada. Kamera inamwona, halafu inamwacha. Inarudi upande wa pili wa jengo kuwafuata makachero wawili wanaokwenda kurushiana risasi na watu wengine kabisa. Ustadi mkubwa, wanasema. Naam, ni ustadi. Lakini ndugu msomaji, filamu nzima imo katika tendo lile moja: marehemu ameonekana, marehemu ameachwa.

Baada ya hapo ni habari za makachero wenyewe. Walivyopigana ngumi ulingoni, walivyompenda mwanamke mmoja, walivyodanganyana. Josh Hartnett anavuta sigara kama mtu aliyekabidhiwa sigara na fundi wa mavazi. Mwishoni mke wa tajiri mmoja anasimama na kueleza kila kitu kwa hotuba ya dakika chache, kisha anajiua. Jambo lililowashinda polisi wa Los Angeles kwa miongo mingi limekwisha kabla mtazamaji hajameza mate!

Niliitazama mara ya kwanza katika banda moja la video hapa Mabatini, kwenye diski. Siku zile mabanda yalikuwa bado yanajaa, na kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akitutafsiria, akiongeza na ya kwake pale alipoona maneno hayatoshi. Mbele yangu alikaa mama mmoja auzaye sato na furu pale Kirumba, mtu asiyekosa picha ya upelelezi. Ilipofika katikati aligeuka akaniuliza:

"Mwalimu, na huyu binti aliyechinjwa, kwao ni wapi? Mbona hawajaenda kumwambia mama yake?"

Sikuwa na jibu, na yule mtafsiri naye alinyamaza. Nalisema hili kwa wale wanaodai kuwa watazamaji wa mabanda wanataka risasi tu. Mama yule aliuliza swali ambalo kampuni nzima ya filamu, pamoja na mamilioni yake ya dola, haikuona haja ya kuliweka mbele.

Tena jibu lilikuwepo. Elizabeth Short alikulia Medford, katika jimbo la Massachusetts, na mama yake alikuwa hai. Inasimuliwa kwamba aliyemfikia kwanza ni mwandishi wa gazeti la huko Los Angeles. Alimpigia simu akamwambia binti yake ameshinda mashindano ya urembo, akamchota habari zote za mtoto, na alipokwisha kuzipata ndipo akamwambia kwamba binti huyo ameuawa. Nani kati yenu anayehitaji kofia na moshi baada ya kusikia hayo? Mahali kama hapo ndipo filamu ingekaa, na ikikaa hapo tungeuona mwaka 1947 jinsi ulivyokuwa, na jinsi ulivyo bado. De Palma mwenyewe, nadhani, aliugusa ukweli huo pembeni. Kuna vipande vifupi visivyo na rangi ambapo Mia Kirshner, anayeigiza marehemu, yuko kwenye majaribio ya uigizaji, na sauti ya mwanamume asiyeonekana inamhoji na kumdhalilisha. Sauti hiyo ni ya De Palma. Ndizo dakika pekee zenye pumzi, nazo zinapita upesi.

Wengine hunijibu kwamba filamu za namna hii zote ziko hivyo, ni burudani, usizidai mengi. Si kweli. Chinatown ya mwaka 1974 nayo ina kofia, inasimulia mambo ya 1937, lakini chini ya kofia kuna maji: nani anayachukua, nani anabaki na ukame. Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana barua juu ya maji ya Nile, na wenye ziwa hawakuulizwa, hata Nyerere alipokataa mwaka 1962 kwamba Tanganyika huru inafungwa na makubaliano yale.

Sasa nije nyumbani kabisa, mahali ambapo baadhi ya wasomaji watanikasirikia. Mwaka ule ule wa 2006 jiji letu lilikuwa linachemka kwa sababu ya filamu nyingine, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2004. Rais Kikwete aliikemea hadharani akiwa hapa hapa Mwanza, watu wakaandamana. Tulibishana juu ya mapanki: nani anayala na kwa nini yakaonyeshwa. Tulibishana juu ya ndege: je, zilileta silaha kabla ya kupakia minofu ya sangara? Kwa suala la silaha naona Sauper alinong'ona zaidi kuliko alivyothibitisha, na mpelelezi wa kunong'ona simpendi. Lakini katika filamu ile yumo dada mmoja, mwenzi wa marubani wa usiku, anayeiimba Tanzania kwa sauti yake mwenyewe mbele ya kamera. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja, mgeni. Katika kelele zote zile za mwaka 2006, kwenye baraza, kwenye daladala, hata kanisani, sikumsikia mtu akiuliza habari zake. Tulilia jina la mji. Filamu tuliyoilaani ilimpa walau nafasi ya kuimba. Sisi hatukumpa hata swali moja.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa "ni filamu tu". Mtu hujizoeza kuwapita wafu mahali fulani, na kwenye kiti cha banda hujizoeza kwa raha.

Hivi karibuni kijana mmoja wa hapa, mwenye kamera nzuri na bidii, alikuja kunieleza kwamba yeye na wenzake watatengeneza filamu ya kachero ya Mwanza ya miaka ya 1950. Nilifurahi. Nikamweleza habari za pamba: jinsi wakulima wa Usukuma walivyolalamika kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na jinsi ushirika ulivyokua hadi Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, chini ya Paul Bomani. Nikamwambia kwenye mizani ile kuna upelelezi wa kutosha filamu tatu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama namjua mzee yeyote mwenye gari la enzi hizo, maana kofia wameshapata.

"Na nani ameuawa?" nikamuuliza.

"Hilo tutaliangalia baadaye, mwalimu," akasema. "Kwanza gari."